Tunaunda mashine ileile kila mwaka: barua ya wazi kwa wanaosimamia utafiti wa uhandisi Dar es Salaam

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Rasi na Amidi wa uhandisi, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Yah: Vikundi vya kudumu vya utafiti wa usanifu wa kihandisi na uundaji wa bidhaa

Waheshimiwa viongozi, shikamooni.

Nawaandikia kutoka Gerezani, kwenye karakana tunayochangia kodi mimi na mafundi wanne. Nilisomea uhandisi mitambo katika chuo kimoja cha hapa jijini, nikahitimu, nikaajiriwa kwa muda, kisha nikarudi kwenye vyuma. Kazi yangu ni kuunda mashine ndogo za wafanyabiashara wa vyakula: za kukuna nazi, kusaga karanga, kukamua miwa, kukata viazi vya chipsi. Sina kampuni kubwa wala cheo. Nina jambo moja nililolibeba miaka mingi, na wenye uwezo wa kulirekebisha ni ninyi.

Lilianza na mashine ya kukuna nazi.

Kila anayenunua nazi Buguruni au Temeke Stereo anaijua. Mota imefungwa juu ya meza ya chuma, na mbele yake kichwa cha duara chenye meno kinazunguka. Muuzaji anapasua nazi, anashika nusu moja kwa mkono, anaikandamiza kwenye kichwa kile, machicha yanadondokea kwenye beseni. Mota za kawaida za kazi hii huzunguka zaidi ya mara 1,400 kwa dakika. Kati ya meno yale na kiganja cha mtu kuna unene wa kifuu tu, na kifuu huvunjika. Watazame vidole watu walioifanya kazi hiyo kwa miaka.

Tulikuwa wanafunzi watatu, na mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kuitafutia mashine hiyo kinga. Tukaunda kibanio cha kushika nazi badala ya mkono, na ngao ya bati lisiloshika kutu iliyofungwa kwa bolti mbili. Kwenye karakana ya chuo ilifanya kazi vizuri sana. Tuliijaribu kwa nazi nne tulizonunua siku moja kwa muuzaji mmoja, zote karibu sawa kwa ukubwa. Tukaitetea kazi yetu mbele ya jopo, tukapewa alama nzuri.

Baada ya hapo tukaomba ruhusa ya kuipeleka sokoni kwa wiki moja. Mama mmoja pale Buguruni akakubali kuijaribu. Kufika saa tatu asubuhi, ngao ilikuwa imeshafunguliwa kwa spana ya kuazima, imelazwa chini ya meza. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila hasira: “Mwanangu, mashine yako nzuri, ila wateja wangu hawasubiri.”

Nikasogea pembeni nikawa natazama tu. Nazi za sokoni zinatoka Mafia, Mkuranga, Bagamoyo, Tanga. Kuna kubwa, kuna ndogo, kuna zilizochongoka kama yai. Kibanio chetu kiliziweza za ukubwa mmoja, nyingine ama zilichezacheza ndani ama hazikuingia kabisa. Kukifungua na kukifunga kulichukua muda mrefu kuliko kukuna kwenyewe. Nyuma ya ngao machicha yalijazana kwenye kona tuliyoiacha kwa sababu bati lilikunjika kirahisi pale, na kufika mchana yakaanza kuchacha. Kuisafisha kona ile kulihitaji spana namba 13. Yule mama hakuwa na spana, alikuwa na kisu na kitambaa. Swichi nayo tuliiweka kulia, upande ambao yeye huweka beseni, kwa hiyo kila akitaka kuzima ilibidi apitishe mkono mbele ya meno yanayozunguka. Yaani sisi tuliokwenda kumkinga ndio tuliomwongezea hatari.

Kila kosa kati ya hayo lina dawa, na leo dawa zake nyingi nazijua. Siku ile, tuliporudi chuoni, hapakuwa na mtu wa kumpelekea habari. Mradi ulishafungwa, alama zilishatoka. Msimamizi wetu, mwalimu niliyemheshimu na ninayemheshimu mpaka leo, alikuwa na miradi mingine mingi ya kusimamia na makala ya kumalizia. Ripoti yetu ikaingia maktaba ikisema mashine inafanya kazi. Mashine yenyewe ikaingia stoo.

Miaka michache baadaye nilikwenda kwenye maonesho, nikawakuta vijana wamesimama na mashine ya kukuna nazi yenye ngao. Bolti mbili. Kibanio cha ukubwa mmoja. Swichi kulia. Hawakutuiga, hawakujua hata kama tuliwahi kuwepo. Walianza sifuri kama sisi wakafika palepale tulipofika sisi. Nikawauliza kama wameshaipeleka sokoni. Bado. Walikuwa na miezi miwili wahitimu.

Waheshimiwa, sijaacha kuwafikiria wale vijana. Walikuwa na akili, walikuwa na bidii, na mwalimu wao bila shaka alikuwa mwema kama wetu. Walichokosa ni watu wa kuwaambia: hiyo ngao ilishajaribiwa, ilifeli kwa sababu hizi, anzieni hapa. Kumbukumbu hiyo haiwezi kukaa kwa mwanafunzi anayepita miezi minane kwenye mradi. Haiwezi kukaa kwenye ripoti iliyoandikwa kabla mashine haijaonja soko. Inakaa kwenye kikundi: walimu wawili watatu, fundi, wanafunzi wa uzamili, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaopokezana, wote wameishikilia bidhaa ileile mwaka hata mwaka.

Vikundi vya namna hii si ndoto yangu. Mwaka 1981 watafiti wa usanifu wa kihandisi walikutana Roma kwa kongamano la kwanza la kimataifa la fani hiyo, na mikutano hiyo inaendelea hadi sasa. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilianzisha kituo cha utafiti wa usanifu mwaka 1984. Watafiti wake waliwarekodi wahandisi kwa video wakiwa kazini, wakahesabu nani anachora, nani anauliza, na wazo linabadilika kwenye dakika ipi. Cambridge, Uingereza, walianzisha kituo chao mwaka 1991. Hao wamekaa miaka mingi na swali moja: bidhaa inamtenga nani? Miongoni mwa waliyoyaunda ni glavu zinazokaza vidole na miwani inayofifisha macho, ili mhandisi kijana avae, ajaribu kufungua chupa au kubonyeza kitufe kama mzee au mgonjwa wa viungo. Nilipozisoma habari za glavu zile nilimkumbuka mama wa Buguruni. Mikono yake ilikuwa inateleza kwa mafuta ya nazi tangu alfajiri. Sisi tulikijaribu kibanio chetu kwa mikono mikavu.

Wala nchi yetu haikuwa imelala. Mwaka 1973 Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipata Kitivo cha Uhandisi, na mwaka huohuo SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ikaanzishwa. TIRDO ya utafiti wa viwanda ikafuata mwaka 1979, TEMDO ya usanifu wa mitambo mwaka 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini mwaka 1981. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palepale Mlimani ikaanza taasisi ya kubuni mitambo ya uzalishaji, kwa msaada wa Wajerumani, ambayo baadaye iliunganishwa na kitivo ikazaliwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Kwa hiyo wakati wenzetu wanakutana Roma kujiuliza mashine njema huzaliwaje, sisi nasi tulikuwa tunajenga nyumba za kuzalia mashine hizo. Wazee waliotangulia waliliona hili mapema, na naliandika kwa heshima yao.

Tunao hata mfano wa nyumbani wa kazi iliyofuatiliwa mpaka ikaeleweka. Katikati ya miaka ya 1980, Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamua mafuta ya alizeti, yenye mtaimbo mrefu unaosukuma pistoni. Toleo la kwanza lilikuwa zito, lilitaka watu wenye nguvu. Wanawake, ambao ndio hasa wangekamua mafuta nyumbani, liliwachosha. Kazi haikuishia pale. Yakaja matoleo madogo, mepesi, ambayo mtu mmoja anaweza kuyaendesha, na mashine hiyo ikaenea nchi nyingine za Afrika. Toleo la kwanza lilionyesha kwamba inawezekana, la pili na la tatu ndiyo yaliyofika kwa mama wa kijijini. Sasa jiulizeni, ni mfuko gani wa utafiti hapa kwetu unaolipia toleo la tatu?

Hapo ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Fedha zetu hutoka kwa ajili ya kuanza. Kuna fedha ya wazo, kuna fedha ya mashine ya majaribio, kuna fedha ya banda la maonesho. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu mwaka 2019 yameibua vijana ambao bila mashindano hayo tusingewajua, na Wiki ya Utafiti na Ubunifu ya Mlimani mimi mwenyewe naifurahia. Lakini siku baada ya maonesho ndiyo siku kazi ya usanifu inapoanza hasa, mashine inapokutana na vumbi, umeme unaopungua jioni, mtoto anayegusagusa swichi, na mteja asiyesubiri. Siku hiyo haina bajeti.

Na mwalimu anayetaka kuifuata mashine mpaka sokoni anajinyima. Mwaka 2022 Wizara ilitangaza tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Nilifurahi, kwa sababu sayansi yetu inastahili kusomwa. Nikajiuliza pia: mwalimu aliyekaa miaka sita na mashine moja, akaifikisha mahali ambapo mafundi wa Keko na Vingunguti wanaitengeneza wenyewe na vidole havikatiki tena, yeye atatuzwa nini, na atapandaje cheo? Mtu hufanya kile anachopimwa nacho. Kanuni za kupandisha vyeo zikiupa mchoro uliojaribiwa na kusahihishwa uzito ule ule wa makala, walimu watatoka ofisini wenyewe bila kusukumwa.

Jambo la mafundi nalo lina uzito, acheni nikae nalo kidogo. Kwenye ule mradi wetu, hesabu zilitupa shafti ya milimita 18, tukachora 18. Tulifundishwa kuhesabu na tukahesabu sawasawa. Fundi mkereza tuliyempelekea mchoro aliutazama, akauliza swali moja: beringi ya shafti hii utaipata wapi ikifa Jumamosi jioni? Hatukuwa na jibu. Akatuambia tufanye 20, tuweke beringi namba 6204, yenye tundu la milimita hizohizo 20, maana ipo kila duka la spea kuanzia hapa hadi Mbagala. Shafti ikawa na nguvu zaidi, bei haikupanda, na muuzaji akiharibikiwa anatengenezewa siku ileile. Swali lile la fundi ni swali la utafiti. Vipuri gani vinapatikana Dar es Salaam, kwa bei gani, vya ubora gani, na mhandisi achore vipi ili avitumie? Kikundi kingeweza kuishi miaka mitano juu ya swali hilo peke yake, na matokeo yake yangemsaidia kila mwanafunzi anayeshika kalamu. Kwa sasa jibu liko kichwani mwa wazee wachache wa Gerezani, na wazee wanaondoka.

Kutoka Taasisi ya Teknolojia pale Bibi Titi na Morogoro hadi kwetu Gerezani unatembea kwa miguu. Kutoka Ubungo unapanda mwendokasi mara moja. Shirika la Viwango, TBS, lipo Ubungo, Tume ipo Kijitonyama, TIRDO Msasani, Muhimbili wanakopokea watu waliokatwa na mashine ipo Upanga. Sijui mji mwingine nchini wenye vitu hivi vyote karibu namna hii, na bado vinaonana kwenye maonesho tu.

Ninachoomba ni hiki. Kila chuo cha uhandisi jijini kianzishe, au kikihuishe kama kilikuwepo, kikundi kimoja cha utafiti wa usanifu wa bidhaa kisichokufa mradi ukiisha. Kichague bidhaa chache zinazotumiwa na watu wengi, kiahidi kukaa nazo miaka kumi. Fundi awe mjumbe anayelipwa, mwenye kiti mezani, na jina lake liandikwe kwenye mchoro. Daktari wa afya ya kazini naye aalikwe, na mtu anayejua biashara ndogondogo. Miradi ya mwaka wa mwisho itoke ndani ya kikundi: kijana akabidhiwe toleo la nne na daftari la makosa ya matatu yaliyotangulia, badala ya kuambiwa atafute mada yake mwenyewe.

Daftari hilo la makosa nalitilia mkazo kuliko kitu kingine. Ripoti zetu zimefundishwa kusifia. Nimezisoma nyingi, na mara chache nimekuta sura inayoeleza mashine ilishindwa wapi na kwa nini, ilhali sura hiyo ndiyo mwanafunzi anayefuata angeihitaji kwanza. Iwe lazima. Tena izawadiwe alama. Mwanafunzi aliyerudi kutoka sokoni na makosa matano aliyoyaandika vizuri amefanya kazi kubwa kuliko aliyesema kila kitu kimefaulu karakanani.

Michoro ya bidhaa hizi iwe wazi kwa mafundi. Najua kuna hamu ya kusajili kila kitu BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara na hataza, na kwa ugunduzi mpya kabisa naikubali. Kwa kinga ya mashine ya kukuna nazi sioni faida yake. Mafundi mia moja wakiinakili kinga ile, ndiyo vidole vimepona.

Mtasema fedha. Kupitia mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, wenye dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, majengo na maabara vinaongezeka vyuoni. Nashukuru kwa hilo, na mwanangu akifika chuo nataka ayakute. Ninachoogopa ni jengo zuri lenye mashine za kisasa na ndani yake wanafunzi wanaoanza sifuri kila Oktoba. Kwa bei zetu za Gerezani, mashine nzima ya majaribio ya aina niliyoieleza haifiki nauli ya ndege ya mtu mmoja kwenda na kurudi Ulaya kwenye kongamano. Kinachogharimu ni muda wa watu, na uvumilivu wa mwenye fedha kungoja miaka kumi. Mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, ungetenga sehemu yake kwa ajili ya matoleo ya pili na ya tatu tu, asipewe mtu yeyote mwenye wazo jipya, hata liwe zuri kiasi gani. Kwenye hili nina msimamo mkali, kwa kuwa nimeona mawazo mapya yanavyoyafukia ya zamani kabla hayajakomaa.

Nilirudi kuiulizia mashine yetu. Stoo ilishasafishwa, vyuma vilishauzwa kwa skrepa. Ngao ninayo, kwa sababu yule mama aliniwekea, akanirudishia imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Na ninayo kaunta buku ya kurasa mia tatu, ambayo nimeandika humo kila toleo tangu siku ile. Ni kumi na moja. Kinga ya sasa haina bolti, inafunguka kwa mkono mmoja wenye mafuta na kuoshwa kwa kitambaa. Kibanio kinashika nazi kubwa na ndogo, ila bado kinasumbua kwa zile zilizochongoka, na sijajua dawa yake. Kurasa kama arobaini hazijaandikwa.

Kikundi cha chuo chochote hapa jijini kitakachoniandikia kwamba kimeundwa, kina fundi ndani yake, na kitakuwepo baada ya miaka kumi, nitakipelekea kaunta buku hiyo pamoja na ngao ile ya kwanza, bure. Nitazileta mwenyewe. Nipo karakana kila siku kuanzia saa moja asubuhi, isipokuwa Jumapili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa mitambo midogo,
Gerezani, Dar es Salaam